Mgongo wa Kitenge

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa ofisi. Nilikaa nao miaka ishirini na saba, umefungwa kwa kipande cha waya, na Mwajuma alipoupokea alinikumbusha kwa adabu kwamba kufuli ilibadilishwa zamani na ufunguo ule haufungui kitu. Nilijua. Niliendelea kuubeba kwa sababu ulikuwa umezoea mfuko wangu. Basi, kwa kuwa sina tena cha kurudisha, nawaandikia ninyi mnaobaki, wewe Mwajuma na wenzako, mnaotayarisha mafaili ya kwenda kwenye mitambo mikubwa. Habari za vyeo sitaandika, maana tulikuwa wawili na cheo kilikuwa kimoja, na hakikuwa changu. Za mshahara nazo tuziache zilale. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, juu ya Papa Shabani aliyenifundisha, na juu ya kitabu cha Bibi Salima, ambacho nilikiharibu kwa mstari mmoja wa kalamu wakati sauti yake ilikuwa inakwisha na hakuwa na kitu kingine cha kuwaachia wanafunzi wake.

Asiyejua kazi yetu ajue hivi. Kasongo hatuna mtambo mkubwa wa kuchapa. Tuna kompyuta, mashine ndogo ya kutolea karatasi chache, kisu kikubwa cha mkono cha kukatia, na paneli za jua ambazo hufanya kazi vizuri sana siku ambazo hatuna kazi. Kitu cha nakala mia na zaidi hupelekwa Bukavu. Mtandao wetu haubebi faili nzito, kwa hiyo faili huwekwa kwenye fleshi, fleshi huwekwa kwenye kikopo cha dawa, na kikopo hufungwa kifuani mwa Sumaili, mwendesha pikipiki, anayepita Kabambare na Salamabila na kumkabidhi mwenzake mbele ya safari. Mtu wa mtambo hatuoni sisi, wala hamwoni mwenye kitabu. Anaona faili na karatasi ya maagizo tu. Ukimwandikia uongo, atauchapa uongo wako mara mia tatu, kwa usafi kabisa.

Mimi ni mtu wa Wamaza, upande wa Kabambare, Mbangubangu kwa kabila, mkulima na mkristo tangu kwa babu zangu. Kabla ya Kasongo nilikuwa mpiga taipu kwenye ofisi ya serikali Kabambare, na nilijiona fundi kwa sababu vidole vyangu vilijua njia bila macho. Siku ya kwanza nilivaa kitenge kipya, nikajipeleka mbele ya kompyuta kama bibi harusi. Papa Shabani aliniangalia, akaniambia nikanawe mikono. Niliporudi hakunipa kibodi. Alinipa karatasi moja nyeupe, akataka niikunje mara mbili, niandike namba za kurasa kwa penseli moja hadi nane, kisha niifungue tena. Nilipoifungua nikakuta ukurasa wa kwanza umelala ubavuni mwa wa nane, na wengine wamesimama kwa kichwa. Nilidhani nimekosea. Akasema hapana, ndivyo kitabu kilivyo kikiwa bado hakijakunjwa, na mtu asiyekubali hilo arudi kwenye taipu. Nilikunja karatasi siku nne mfululizo. Ya tano aliniruhusu kuwasha kompyuta.

Papa Shabani alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Kiislamu za zamani za Kasongo, kofia nyeupe kichwani na penseli nyuma ya sikio. Ujanani alikuwa akipanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, akizisoma kinyumenyume. Kompyuta zilipoingia, wenzake wa rika lile walirudi mashambani. Yeye aliketi mbele ya kioo akakitazama kama mtu anayemtazama mkwe mpya, bila haraka ya kumpenda wala kumkataa. Alijifunza kila kitu polepole, na alichojifunza hakikumtoka. Sijaona tena mtu wa namna ile, na nimekutana na wengi wenye vyeti.

Alikuwa na desturi moja ambayo mmeirithi, ingawa baadhi yenu mnaifanya kwa kunifurahisha tu. Kila kazi, kabla ya kwenda, alikunja kitabu kidogo cha karatasi chakavu, akakiandika namba za kurasa, akakiita mtoto. Mtoto huyo alikaa kwenye mfuko wa shati lake siku nzima. Alikwenda naye msikitini, sokoni, nyumbani. Mara kwa mara alimtoa, akamfungua, akamgeuza, akamrudisha. Alisema kitabu ni lazima kizaliwe kidogo kwanza, mikono ikizoee, maana macho hukubali chochote unachoyaonyesha lakini mikono haidanganyiki. Niliona ni mambo ya kizee. Nilikuwa na umri wa kuona hivyo.

Jambo lake jingine lilikuwa pambizo. Kila ukurasa aliutaka na vidole viwili vya weupe pande zote nne, juu, chini, kushoto na kulia, sawasawa. Kompyuta ilikuwa inapendekeza kidogo zaidi ya kidole kimoja. Nilimwambia tunatupa karatasi. Akanijibu kwamba kitabu hushikwa na vidole, na kidole kikikosa mahali pa kukaa kitakaa juu ya maneno. Tulibishana hayo miaka kadhaa, na alishinda kila mara kwa njia rahisi ya kutonisikiliza.

Nitaje kesi mbili za kufundishia, kisha niende kwenye ile yenyewe. Ya kwanza ni ya shule moja iliyotaka vyeti vya wanafunzi wake. Niliandika majina kwa rangi nyeusi iliyonipendeza kwenye kioo, nyeusi nzito, ya usiku. Vyeti viliporudi, kila jina lilikuwa na kivuli chekundu ubavuni, utadhani wanafunzi wote wamehitimu wakiwa na homa. Papa Shabani alichukua kioo cha kukuzia, akanionyesha. Nyeusi yangu ilikuwa imechanganywa kwa rangi zote nne za mtambo, na rangi nne zikipita moja baada ya nyingine, moja ikiteleza kwa upana wa unywele, herufi inatoa kivuli. Maandishi yawe ya nyeusi peke yake. Hilo mnalijua leo kabla ya kunywa chai, lakini mimi nililijua kwa aibu ya vyeti mia moja na ishirini.

Ya pili ni ya mfanyabiashara mmoja wa Salamabila, kwenye migodi ya dhahabu, aliyetaka kalenda yenye jina la duka lake kwa rangi ya dhahabu. Nilimwonyesha njano kwenye kioo. Akavua pete, akaiweka mezani, akasema rangi ni hii hapa, waliokaa juu ya dhahabu hawadanganywi na ndizi mbivu. Na katika rangi nne za mtambo dhahabu haimo. Papa Shabani aliichukua ile pete, akaigeuzageuza dirishani kwa muda mrefu mpaka mwenye pete akaanza kuwa na wasiwasi, kisha akamrudishia. Akaniketisha, tukaweka kahawia iliyoiva pembeni mwa kila herufi, ikifunguka taratibu kuwa njano, na mstari mwembamba mweupe pale ambapo mwanga ungegusa. Alisema dhahabu si rangi, ni mwanga uliokaa karibu na giza. Kalenda zilipofika, yule bwana alikwaruza herufi kwa ukucha. Nilijivunia ukwaruzo ule kuliko sifa zote alizotoa baadaye.

Sasa kitabu. Bibi Salima alikuwa mwalimu wa chuo cha Korani, akifundisha wanawake na wasichana kwenye baraza la nyumba yake, mtaa wa tatu kutoka sokoni. Hakuwa na kitabu cha kufundishia. Alifundisha kwa sauti. Alisema, wao wakaitikia, na wapita njia wakajua ni saa ngapi kwa kusikia wamefika wapi. Kisha koo lake likaugua. Alikwenda hospitali, akaambiwa sauti itazidi kupungua na haitarudi. Alirudi nyumbani, akachukua kalamu ya mwanzi na madaftari, na kwa mwaka mzima aliandika masomo yake yote, dua kwa Kiarabu upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Wanafunzi wake wakachanga. Akaja ofisini kwetu na madaftari hayo yamefungwa kwenye mtandio, na nilipoinama kumsikiliza, maana tayari alikuwa ananong'ona, alisema maneno ambayo sijayasahau.

"Munisaidie haraka. Mimi naisha sauti, hii ndiyo itabaki kusema."

Kiswahili nilikichapa mwenyewe. Kiarabu, Papa Shabani alikataa kichapwe. Kompyuta yetu ilikuwa inazivunja zile herufi, inaziachanisha mikono na kuzigeuza, na tena, alisema, wanafunzi wameujua mkono wa Bibi tangu utotoni, kwenye mbao za chuo alizowaandikia, basi wapewe mkono huohuo. Tukaamua kupiga kila ukurasa wa Kiarabu kwenye skana, kwa nyeusi na nyeupe tu, nukta za picha zikiwa nyingi kadiri mashine ilivyoweza, ili ukingo wa kila herufi ubaki mkali. Nawaambia tena, mwandiko haupigwi picha kwa simu.

Madaftari yalikuwa yamekaa karibu na jiko. Kila ukurasa uliingia kompyutani na moshi wake, vumbi lake, na alama za mvua. Nilikuwa nimejifunza karibuni amri moja ya programu inayofuta madoa madogo yote kwa mara moja. Niliibonyeza. Ukurasa ukang'aa kama shuka la Pasaka. Nikafanya kurasa sita, nikamwita Papa Shabani aje aone maendeleo. Alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Mama Vumilia," akasema, "umemunyoa Bibi mupaka nyusi."

Nilikuwa nimefuta vumbi, na pamoja na vumbi nilikuwa nimefuta zile nukta ambazo kwa Kiarabu ndizo zinazotofautisha herufi na herufi. Pale penye moja, mbili au tatu, juu au chini, niliacha uwanda mtupu. Niliona uso wangu unawaka. Yeye hakukasirika. Alivuta kiti, akaniambia turudishe picha za mwanzo na kusafisha kwa mkono, doa moja moja. Nikamuuliza nitajuaje, mimi mtu wa Wamaza, lipi ni doa na ipi ni nukta. Akakuza picha mpaka doa moja likajaa kioo. Vumbi lilikuwa la mviringo, au limechanikachanika. Nukta ya Bibi ilikuwa na pembe nne, imeinama kidogo, kwa sababu kalamu ya mwanzi imekatwa ncha bapa. Vumbi halina pembe. Kwa majuma mawili na nusu nilikaa na kurasa zile, nikifuta lisilo na pembe na kuacha lenye pembe, na jioni nilipofumba macho niliziona bado. Sikujua nasoma nini. Lakini mkono wa yule mama niliujua, mahali alipochoka, mahali alipochovya wino upya, na siku ambazo nadhani koo lilimuuma, maana mistari ilishuka.

Kitabu kilipotimia kilikuwa na kurasa arobaini na nane. Papa Shabani akakunja mtoto. Huyu alimkunja tofauti na wote niliowaona, akamweka mezani mgongo ukiwa kulia. Kitabu cha Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, jalada la mbele liko pale ambapo sisi tuna la nyuma. Nikaitikia. Nilielewa kabisa, kwa akili. Akambeba siku yake moja mfukoni, na siku ya pili ikaja habari ya msiba wa shemeji yake Kabambare. Akapanda pikipiki. Kabla ya kuondoka alimtoa mtoto mfukoni, akamweka kwenye droo, akaniambia kabla sijaandika maagizo nimtoe, nimshike.

Sumaili alikuja siku iliyofuata, mapema kuliko alivyoahidi, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halikutokea tena. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Kabambare, akataka kuvuka madaraja kabla yake. Pikipiki ilikuwa inanguruma mlangoni. Faili lilikuwa tayari na halikuwa na kosa, hilo naliapia hata leo. Nilichukua karatasi ya maagizo ya kazi iliyotangulia, kijitabu cha parokia, nikanakili mistari yake kama nilivyonakili mara mia, nikibadilisha jina na idadi. Kurasa arobaini na nane. Kukunja. Pini mbili. Mgongo kushoto. Droo sikuifungua. Maisha yangu yote vitabu vilifunguka kutoka kushoto, na mkono uliandika kile ulichokijua.

Masanduku yalirudi zikiwa zimebaki siku kumi kufika Maulidi, siku ambayo Bibi Salima alitaka kuwakabidhi wanafunzi wake. Papa Shabani alikata kamba mwenyewe. Nilisimama karibu nikisubiri sifa, kwa sababu wino ulikuwa umetulia na mwandiko wa Bibi ulikuwa mkali kama uliotoka kwenye mwanzi asubuhi ileile. Alichukua kitabu, akaweka kidole gumba pale ambapo mtu wa Korani anakiweka, akafungua. Dua ya kufungia masomo, ukurasa wa mwisho. Akakifunga. Akakigeuza. Akachukua cha pili, kutoka chini ya sanduku, kama kwamba cha chini kingekuwa na huruma.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

Nikavuta droo. Alikuwemo, mgongo wake kulia, jinsi alivyolazwa.

Nililia. Sioni haya kuliandika. Niliwafikiria wale wasichana wakifungua somo la kwanza na kukuta la mwisho, kila mmoja, mara mia tatu, na mwalimu wao hana sauti ya kuwaambia waanzie wapi. Nilifikiri pia watakavyosema mjini, kwamba kitabu cha dini yao walimpa mkristo akakigeuza. Kuchapa upya hakukuwezekana, akina mama walikuwa wametoa walichokuwa nacho na siku zilikuwa zimekwisha. Papa Shabani alisogeza sanduku mbali nami.

"Usililie juu ya karatasi," akasema. "Inavimba."

Akaenda kuswali adhuhuri. Aliniacha mimi na vitabu mia tatu na yule mtoto wa karatasi. Hakuniambia nifanye nini, na sasa nadhani alifanya makusudi. Kwa kukosa la kufanya nilifanya lile alilonifundisha siku ya kwanza. Nilichukua karatasi chakavu nikakunja mtoto mwingine, mwenye kosa langu, mgongo kushoto, nikamwandika namba. Nikajaribu kumkunja kwa nje, namba zikaharibika. Nikajaribu kumpindua, zikasimama kwa kichwa. Mwishowe kwa hasira nilichukua wembe nikamkata mgongo wote, akabaki majani matupu mkononi. Na hapo nikaona. Jani la kwanza lina ukurasa wa kwanza mbele na wa pili nyuma. La pili lina wa tatu na wa nne. Jani lililo huru halina kushoto wala kulia. Niliyapanga yalivyokuwa, nikayabana kwa vidole upande wa kulia, nikafungua. Moja. Mbili, tatu. Nne, tano. Kitabu kilikuwa kinakwenda kule kinakotakiwa kwenda.

Papa Shabani aliporudi nilimpa yale majani. Alifungua mpaka mwisho. Kisha akachukua kitabu chenyewe, akaweka vidole vyake viwili kwenye weupe wa upande wa kulia, ule ambao sasa ungehitaji kushonwa. Vilienea. Kidole kimoja kingeliwa na uzi, kimoja kingebaki kwa msomaji. Kwa pambizo zangu mimi, uzi ungepita katikati ya dua. Alinitazama juu ya miwani. Angeweza kusema mengi, miaka yote ile ya mabishano ilimpa haki. Alicheka tu, akatafuta kisu.

Mimi nilitaka tuanze mara moja, tumalize, Bibi apelekewe kitabu kilicho sawa asijue kitu. Papa Shabani hakukubali. Kitabu ni chake, akasema, na kosa lililo ndani yake ni lake kulijua. Tukaenda nyumbani kwa Bibi mchana ule. Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mito mgongoni. Nilimpa kitabu kibaya, naye akafungua kutoka kulia, akatazama dua ya mwisho. Nikasema kosa ni langu, sikufungua droo. Nikamwonyesha mtoto wa karatasi na wembe, nikakata mbele yake, nikapanga. Alifuata kila jani kwa kidole. Alipofika mwisho aliniashiria niiname.

"Sawa. Mushone," akanong'ona. "Lakini moja musiikate. Muniletee vile iko."

Sikuuliza kwa nini. Nilidhani anataka ushahidi, na alikuwa na haki nao.

Siku saba tulishona uani kwa ofisi. Papa Shabani alitoa pini na kukata migongo kwa kisu kikubwa, vitabu kumi kwa mkupuo. Wanafunzi wa Bibi Salima walitoboa matundu kwa misumari na kushona kwa uzi wa kushonea magunia uliochanwa kuwa mwembamba. Siku ya pili walikuja akina mama wa kwaya yangu. Sikuwaita, walisikia. Mmoja wao, fundi cherehani, alitazama ile mishono iliyo wazi akasema haiwezekani kitabu kitoke uchi, akaleta kapu la vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kazi zake. Tukapika gundi ya muhogo, tukabandika kipande cha kitenge juu ya kila mgongo. Havikufanana viwili. Gundi ile ilikuwa imara sana, na mende waliipenda miaka mingi, lakini hayo ni ya mbele.

Kwa Maulidi vitabu vilikuwa tayari, mia mbili tisini na tisa. Wewe Mwajuma ulikuwepo kwenye mkeka, meno yako mawili ya mbele hayapo, na cha kwako kilikuwa na mgongo wa samaki wa bluu. Mnong'ono wa Bibi Salima haungefika mwisho wa mkeka. Aliinua kitabu chake, akaweka kidole gumba kulia, akafungua. Wote mkafungua. Mkasoma somo la kwanza kwa sauti moja, na wapita njia wakajua ni saa ngapi. Nilisimama nje ya baraza pamoja na Papa Shabani. Aliweka mkono kwenye mfuko wa shati, ambao siku ile haukuwa na kitu, akauacha hapo mpaka mkamaliza.

Tangu hapo, mnajua, watu walianza kutaka mgongo wa kitenge kama fasheni. Paroko aliagiza vitabu vya nyimbo vya namna hiyo, na mtu mmoja wa Kabambare alikataa kupokea kazi yake kwa sababu tulimpa pini nzuri za chuma. Sijawahi kuwaeleza chanzo chake. Nawaeleza sasa ninyi, ili mfungue droo.

Shughuli ilipokwisha Bibi aliniita. Alitoa chini ya mto kile kitabu kimoja ambacho hatukukikata, chenye pini mbili na kosa langu zima. Nilijiandaa kusikia. Akakiweka mikononi mwangu kwa upande wa kushoto, jalada la mbele likinitazama.

"Hii ni yako," akanong'ona. "Wewe unaanzaka huku. Soma polepole, tutakutana katikati."

Sauti yake iliisha kabisa miezi michache baadaye. Aliishi miaka minne bila sauti, akikaa katikati ya wanafunzi wake na kuelekeza kwa kidole, kisha akatuacha. Papa Shabani alimfuata. Watoto wake walinikuta nje ya nyumba ya msiba wakanipa alichokuwa nacho kwenye shati, karatasi iliyokunjwa, haina namba bado.

Kitabu changu kiko hapa mezani ninapoandika. Pini zimeshika kutu. Asubuhi, kazi ikiwa haipo tena ya kwenda, nakifungua kutoka kushoto na kwenda mpaka kwenye pini, pale katikati, nasimama kidogo. Kiarabu sijakijua mpaka leo. Lakini nukta zile nazijua zote, moja moja, kwa sababu kila iliyomo humo niliitazama pembe zake kwanza, kisha nikaiacha.